Maisha ya Kamande kwa Ukurasa Mmoja

Mimi sijui kueleza kitu bila kutia maoni yangu, na wacha niseme hivyo mapema ili asije mtu kunilaumu baadaye. Nafundisha Hesabu. Kwenye Hesabu ukipata jibu umepata, hakuna mambo ya moyo. Lakini nikianza habari ya binadamu nitamsifu huyu, nitamsuta yule, nitarudi nyuma kueleza nyanyake alikuwa nani, na mwalimu mwenzangu Milcah alikuwa akinisikiliza mpaka nimalize halafu ananiuliza polepole, "Sasa Mugure, katika hayo yote, kilichotokea ni nini?" Alinikera, haki ya nani. Ni habari zake ninazotaka kukusimulia, na nitazisimulia kwa njia yangu.

Shule yetu ya serikali iko mlimani juu ya Kariandusi, pale ambapo vumbi jeupe la machimbo huingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Milcah aliletwa kufundisha Kiswahili gredi ya saba hadi ya tisa, na aliletwa kwa kandarasi, kama wale vijana wengine wa junia sekondari wanaobeba kazi yote ya mwalimu huku jina la mwalimu wakikopeshwa. Kabla ya hapo alikuwa amesota. Alitoka chuo kikuu na shahada yake, akafundisha katika akademia za kibinafsi za mjini Nakuru zinazofungwa ghafla katikati ya muhula, akauza mitumba Lanet karibu na kambi ya jeshi, akarudi kwao Rongai kukama ng'ombe wa babake. Alipopata nafasi ya kuja kwetu alilia mbele ya ndugu zake. Alikuwa mwanamke mfupi, wa sauti ya chini, na ukimwona ungedhani watoto watampanda kichwani. Hawakumpanda.

Kichaa chake kilikuwa ufupisho. Ebu fikiria. Kuna walimu wenye kichaa cha mpira, kuna wa kwaya, huyu chake ni ufupisho. Mwalimu mwingine yeyote wa Kiswahili atakwambia hiyo ni sehemu ya mtihani tu, mtoto anakwangua sentensi hapa na pale mpaka idadi ya maneno itimie. Kwa Milcah ilikuwa karibu na dini. Alisema mtoto akitoka mikononi mwake hajui kitu kingine chochote atasamehewa, lakini lazima ajue kuchukua jambo refu lililosemwa na mwingine, alirudishe likiwa fupi, bila kuongeza lake na bila kupunguza la mwenyewe.

Sababu alinieleza mara moja tu, tukiwa kwenye baraza la ofisi tunangoja mvua ipungue. Wakati wa vurugu za uchaguzi alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Jioni moja mtu alipita kwao akasema ameona vijana wamekusanyika dukani. Jirani akaipeleka mbele kwamba vijana hao wana mapanga. Wa tatu akasema wako njiani. Kijiji kizima kikatoka mbio, na wa ng'ambo ya mto, wa kabila jingine, walipowaona wanakimbia wakadhani wanaenda kuita wengine, basi wao wakawahi kuchoma. Nyumba ya kina Milcah ilichomwa. Wale vijana wa dukani walikuwa wanangoja mpira uanze kwenye televisheni.

"Hakuna aliyedanganya, Mugure," aliniambia. "Kila mtu aliongeza moyo wake kidogo tu."

Basi akaja kwetu na imani hiyo, kwamba ukilea watoto wanaoweza kusema kilichotokea, hicho tu, utakuwa umeokoa nyumba ya mtu mahali. Mimi nilimcheka. Nilimwambia atachoka kabla ya muhula kuisha.

Gredi ya nane aliwaanza na kifungu kifupi. Mama fulani wa Kinungi anauza viazi kando ya barabara. Wakaguzi wanakuja, wanapima debe lake, wanakuta lina kitako cha uongo ndani. Anapelekwa kituoni. Kesho yake anarudi kuuza kwa debe lingine. Habari yenyewe ni hiyo, imekwisha. Ungeona walichoandika! Mmoja alianza kwa jogoo kuwika naye kurauka alfajiri na mapema, na hata hakuwa ndani ya hadithi. Mwingine alimaliza na wahenga hawakutuenga waliponena za mwizi ni arobaini. Linah, ambaye mamake anauza viazi kweli, alijaza ukurasa mzima akimtetea yule mama na kusema wakaguzi wana wivu. Kipkemboi alimwombea. Nilizisoma zile karatasi ofisini nikacheka mpaka machozi, na Milcah hakucheka. Alinionyesha kwamba hakuna hata mtoto mmoja aliyeandika kwamba yule mama alirudi kuuza kesho yake. Wote walikuwa wameliacha, kwa sababu liliharibu funzo.

Hapo ndipo alipowaambia jambo ambalo walilishika kuliko yote. Kuacha kitu kwa sababu hukipendi, alisema, ni uongo sawa na kuongeza. Akawawekea utaratibu. Mwanafunzi anasimama mbele, anasoma ufupisho wake, na wenzake wana kifungu mezani. Anayesikia kitu kimeongezwa au kimeachwa anainua mkono. Haongei. Anakaa vile vile mkono juu, kimya, mpaka msomaji aone kosa lake mwenyewe. Ukipita nje ya dirisha ungedhani ni maombi ya wale ndugu wa makanisa ya uamsho. Mwanzoni mikono ilikuwa msitu. Wiki zikaenda, ikapungua. Wahenga wakahama, jogoo akanyamaza, na nikaanza kuona hata kwenye Hesabu wale watoto wanaulizana swali limesema nini hasa kabla ya kuvamia jibu. Nikafunga mdomo wangu. Mwenye haki mpe haki yake.

Aliyeyashika haya kuliko wote alikuwa Jackie Gathoni Kamande. Msichana mrefu, mkimya, mwenye mwandiko wa kunyooka. Akisoma ufupisho wake hakuna mkono uliopanda. Milcah alimpenda, na hakuficha, na mimi nikamwambia mwalimu hapaswi kuwa na kipenzi, naye akasema hana kipenzi ila ana Jackie.

Babake, Kamande, alikuwa fundi wa mawe. Hizo nyumba mpya zinazomea Lanet kila mwaka, nyingi zimepitia mikono yake. Siku ya wazazi alikuja na saruji kwenye viatu, akakaa kwenye dawati la mtoto magoti yakikaribia kidevu, na akasoma daftari la Jackie ukurasa kwa ukurasa, yeye aliyeacha shule darasa la sita. Alimwambia Milcah kwamba huyu wake ataandika kesi kortini Nakuru, kwa sababu haandiki upuzi. Kisha akalifunga daftari kwa mikono miwili.

Sasa kuna jambo lazima ulijue, na huku kila mtu alilijua. Mama Jackie aliolewa na Kamande akiwa na Jackie mgongoni. Kamande hakumzaa. Alimlea, akampa jina lake, akampeleka shule, na mkewe aliitwa Mama Jackie na dunia nzima, Kamande mwenyewe akiwa wa kwanza. Baadaye wakazaa Ian, halafu kasichana, Njambi. Jackie alijua, Kamande alijua kwamba anajua, na maneno yaliishia hapo. Nyumba ilikuwa na amani kuliko nyingi ninazozijua zenye damu moja.

Kamande alianguka kazini mwezi wa sita. Presha. Walimkimbiza hospitali na hakufika akiwa hai. Sitasema zaidi, kwa sababu hapo hakuna wa kulaumiwa, na mimi nikikosa wa kumlaumu huwa sina maneno.

Kamati ya mazishi ikakaa, mwenyekiti akiwa Mathenge, kaka mkubwa wa marehemu, muuzaji wa chakula cha mifugo Gilgil na mzee wa kanisa. Mtu wa suti, mtu wa taratibu. Aliandika wasifu wa marehemu mwenyewe, na ukawa mrefu ajabu, nusu nzima ukisimulia jinsi mzee Waithaka, baba yao, alivyolipata shamba. Wachapishaji mjini wakamwambia programu ya mazishi, kile kijitabu cha kugawia waombolezaji, ina nafasi ya ukurasa mmoja wa wasifu, kurasa nyingine ni za picha na nyimbo. Mtu mmoja kwenye kamati akasema, si kuna yule mwalimu wa Jackie, yule wa kufupisha? Wakamwita.

Nilienda naye. Alasiri ilikuwa ya jua, wanawake wanachambua mchele uani. Mathenge alimpa karatasi zake, akamwagia heshima zote, mwalimu hivi, mwalimu vile. Milcah akasoma pale pale akiwa amesimama. Alipofika mwisho akarudi nyuma, akauliza kwa nini watoto ni wawili.

Mathenge hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, huyo msichana alikuja na mamake. Hata jina lake halikutoka kwetu."

Wewe ambaye si wa huku nikueleze. Kwetu Wagikuyu msichana wa kwanza hubeba jina la mama ya baba yake. Mama ya Kamande ni Njambi, na Njambi ni yule mdogo. Jackie ni Gathoni, jina la upande wa mamake. Kwa hiyo kila anayejua mila, akisikia tu majina ya hao watoto yakipangwa, anajua. Na programu ya mazishi kwetu si karatasi ya kufungia maandazi. Inawekwa sandukuni pamoja na hati ya shamba. Chifu akiandika barua ya warithi anaitaka aione. Ndugu wakishtakiana, wakili anaitoa mbele ya hakimu. Jina lako likiwa ndani uko, likikosekana utaanza kutafuta mashahidi, na mashahidi huwa wamehama ama wamenunuliwa soda. Asiyekuwepo na lake halipo. Mathenge alijua hivyo, na ndiyo maana alitulia.

Milcah alimjibu kwamba atafupisha, lakini atakachofupisha ni maisha ya Kamande yalivyokuwa, na kwenye maisha hayo kulikuwa na Jackie. Mathenge akatabasamu kidogo, akasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwalimu ni mgeni na mambo ya nyumba ya Waithaka hayajui. Milcah akakubali kwamba hayajui. Akazibeba zile karatasi.

Aliandika jioni hiyo ukurasa mmoja ambao sijawahi kuona mfano wake. Mzee Waithaka alibaki na mstari mmoja. Mawe ya Lanet yalikuwemo, lile darasa la sita lilikuwemo, ndoa ilikuwemo, na watoto watatu walipangwa jinsi walivyofika kwenye nyumba: Jackie, Ian, Njambi. Hakusema nani alizaliwa wapi. Hakutia "mpendwa" wala "malaika." Alimtumia Mathenge kwa simu, na Mathenge akajibu asante mwalimu, iko sawa, Mungu akubariki. Milcah alinipigia akiwa na furaha ya kitoto. Ati unaona, Mugure, watu ukiwapa ukweli bila kuwachokoza wanaukubali. Mimi nilimjua Mathenge tangu nikiwa mdogo.

Siku ya mazishi gredi ya nane nzima walikuja na yunifomu zao, wakasimama upande wa kushoto wa hema, Jackie katikati yao. Nilidhani kwamba ametaka kukaa na wenzake. Baadaye ndipo nilipojua kwamba viti vya familia mbele vilikuwa vimehesabiwa na chake hakikuwepo. Programu zilifika zimechelewa, zimeletwa na bodaboda kutoka mjini, na zilipoanza kugawanywa Mama Jackie akamshika Milcah mkono akamvuta nyuma ya jikoni penye sufuria za wali. Mimi nikawafuata, sikuitwa.

"Mwalimu, watakuita usome," alisema. "Soma vile wameandika. Wamesema mahari ya kwetu haikuisha, kwa hivyo hata mimi si bibi wa mtu. Ukimtaja Jackie, nitalala nje na hawa wawili pia."

Milcah akauliza, "Na Jackie?"

"Jackie nitaongea naye mimi."

Alikuwa na macho makavu, yule mama. Alijifunga leso vizuri akarudi kwenye kiti chake. Milcah akafungua programu. Marehemu aliacha mjane, Mama Ian, na watoto wawili. Mama Ian! Miaka yote hiyo hakuna kiumbe aliyewahi kumwita mwanamke huyo hivyo. Na chini kabisa, kwa herufi za kulala, wasifu umeandaliwa na Mwalimu Milcah.

Nilimwambia asisome, ampe pasta. Akasema pasta akisoma itakuwa imesomwa vile vile. Nikamwambia basi lisome hilo jina, lisome kwa nguvu, mimi nitaanzisha vigelegele. Akaniuliza, na wale watoto wengine wawili wakifukuzwa kesho, nitawaweka kwangu?

Wakamwita, akaenda. Alisoma vizuri, kwa ile sauti yake ya chini, na hema lote likanyamaza ili limsikie. Kuzaliwa, shule, mawe. Alipofika kwenye ndoa akasimama. Akasimama mpaka watu wakaanza kugeuza shingo, na mama mmoja wa kwaya akadhani amezidiwa na huzuni akaanza kumtoa kwa wimbo. Milcah akainua uso, na wimbo ukafa. Akasoma. Mjane, Mama Ian. Watoto wawili, Ian na Njambi.

Linah akainua mkono.

Alikuwa amesimama karibu na Jackie, na mkono wake ulipanda wima, kimya, jinsi unavyopanda darasani. Kisha wa Kipkemboi. Kisha wa msichana aliye nyuma yao, kisha mwingine, mpaka upande wote wa kushoto wa hema ukawa mikono mitupu ya watoto wa yunifomu. Hakuna aliyefungua kinywa. Walimtazama Milcah, wakangoja aone. Aliona. Mungu wangu, aliona. Mzee mmoja wa kanisa akadhani wanataka kwenda msalani, akapita akiwashusha mikono kwa fimbo yake, pole pole, mmoja mmoja, na kila alipopita wanainua tena. Milcah akateremsha macho kwenye karatasi akaendelea, alifariki, atazikwa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Jackie hakuinua mkono. Alikuwa ameangalia mbele.

Kaburini walimwita mjane kutia udongo, wakawaita watoto kwa majina kama yalivyo kwenye programu. Ian akatia, Njambi akashikwa mkono akatia. Jackie alibaki na darasa lake. Nilikuwa nimejiandaa kwamba atalia ili nimshike, na hakunipa nafasi hiyo.

Milcah hakukubali yaishie hapo. Jumatatu alienda kwa chifu, na mimi nikaenda, kwa sababu nilikuwa na mengi ya kumwambia huyo chifu. Sikuhitajika. Milcah alieleza yote kwa utaratibu: Jackie alikuja lini, alilelewa na nani, shuleni anaitwa nani, wasifu aliouandika ulisemaje na ule uliochapishwa ulisemaje. Hakutukana mtu. Chifu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwalimu, nilikuwa pale hemani. Nilikusikia kwa masikio yangu ukisoma watoto wawili. Leo unaniambia watatu. Niandike kipi?"

Milcah alimwonyesha simu yake, ule wasifu wa kwanza. Chifu akasema kwenye simu mtu anaweza kuandika chochote. Akasema sheria ipo, mtoto aliyelelewa ni mtoto, mahakama iko wazi Nakuru, mamake aende akaseme. Lakini mamake hakuwa mtu wa kwenda kusema. Nilienda kwake mara mbili nikimshawishi, na mara ya pili alinifungia mlango huku nikiwa bado naongea. Nilikasirika, nikatoka hapo nikimwita mwoga njia nzima. Sasa hasira zimepoa na naona alikuwa amepewa mizani yenye watoto pande zote mbili.

Shule ikaendelea. Milcah alifundisha, lakini ule mchezo wa mikono haukurudi. Alijaribu siku moja. Mvulana alisoma ufupisho wenye makosa ya wazi, na darasa likaketi mikono mezani, wote, likimtazama mwalimu. Alikuja ofisini akakaa mbele ya chai yake mpaka ikaganda utando. Nilimwambia watoto husahau. Nilijua nasema uongo.

Mwisho wa muhula kulikuwa na zoezi la kutathminiwa, lililopangwa tangu awali. Vitabu vya kiada havitoshi shuleni kwetu, kwa hiyo kila mwanafunzi alitakiwa kuleta kifungu cha kweli kutoka nyumbani akifupishe. Wakaleta walichonacho. Vipande vya gazeti vilivyofungia nyama, matangazo ya kanisa, maelezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jackie alileta programu ya mazishi.

Milcah alipoiona juu ya dawati alimpelekea gazeti lake mwenyewe, akamwambia kwa sauti ya chini achague hapo habari yoyote. Jackie akamshukuru na akalisukuma gazeti kando. Kisha akaandika. Nimeliona daftari hilo, na maneno ninayoyakumbuka ni haya: "Kamande Waithaka alizaliwa Gilgil na alisoma hadi darasa la sita. Alikuwa fundi wa mawe na alijenga nyumba Lanet. Alimwoa Mama Ian na walikuwa na watoto wawili, Ian na Njambi. Alifariki baada ya kuanguka kazini. Alizikwa nyumbani kwake."

Milcah alimwita wakati wa mapumziko, nami nikiwa meza ya pili nasahihisha. Alimwambia ukweli ni kwamba kuna jambo limeachwa.

Jackie akajibu, "Nilitafuta, Madam. Halimo kwenye kifungu."

Alisema hivyo kwa heshima, mikono nyuma, kama mtoto anayeeleza kwa nini amechelewa. Milcah angemwambia nini? Kwamba kifungu ni cha uongo? Chini ya kifungu kulikuwa na jina la Milcah. Jackie akangoja kidogo, akauliza kama anaweza kwenda, akaruhusiwa.

Wiki hiyo hiyo, kabla ya shule kufungwa, nyanyake Jackie wa upande wa mamake alikuja kutoka Ol Kalou na mfuko wa nailoni, akachukua vitabu na barua ya uhamisho. Mathenge alikuwa amesema nyumba ni ndogo na msichana anakua. Milcah aliwasindikiza mpaka langoni. Alitaka kusema kitu na nyanya akawa anaharakisha, mvua inakuja. Jackie alimpa mkono, akasema asante Madam, akaenda. Hakugeuka, na sisi tukasimama hapo mpaka walipopotea kwenye kona ya miti ya mikaratusi.

Daftari la zoezi lilibaki, kwa sababu matokeo yalikuwa hayajaingizwa. Siku hizi hatutoi alama, tunaandika kama mtoto yuko mbali na matarajio, anayakaribia, ameyafikia ama ameyazidisha. Milcah aliupitia ule ukurasa kalamu nyekundu mkononi, mstari kwa mstari, akitafuta pa kuweka alama. Alirudia. Nilimwona akitafuta hata nukta iliyokosewa. Mwishowe akaandika, amezidisha matarajio, akatia sahihi na tarehe.

"Nimemfundisha vizuri," akaniambia.

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumtukana Mathenge, chifu, mama wa mtoto, kamati nzima na wachapishaji wao, na mimi matusi huwa hayanipungukii. Nilikaa pale na hakuna hata moja lililotoka. Milcah akafunga daftari, akaliweka juu ya yale mengine, akavuta la mwanafunzi aliyefuata.